Seva ya Wifi, Simu ya Kaka

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, kaa nikupe ya nyuma upesi upesi, maana hata mimi mwenyewe nimechoka kuyarudia.

Mimi ni fundi wa seva. Seva ni kompyuta inayokaa mbali, nchi za watu, haizimwi usiku wala mchana, na ndiyo inayobeba zile tovuti mnazofungua kwenye simu zenu. Mtaani wananiita Mama Seva, ingawa mtoto sina. Kampuni iliyoniajiri ilifunga milango. Mume wangu naye akafunga wa kwake. Kampuni angalau iliniaga.

Nikahamia kwa kaka yangu. Kaka ni fundi friji, na chumba alichonipa ndicho alichokuwa akiwekea friji zilizomshinda. Mbili bado ninazo humo ndani. Moja ndiyo kabati langu la nguo.

Mke wa kaka, wifi yangu, ni kiziwi tangu akiwa mdogo sana. Anafundisha watoto viziwi. Kwa miaka mingi yeye na mimi tumekuwa tukirekodi video za lugha ya alama, neno moja video moja, na tumeziweka kwenye tovuti ambayo seva yake naitunza mimi. Majirani wakinisikia nikisema kwenye simu kwamba leo nimeshindwa na wifi, hawajui namsema mtu au nausema mtandao.

Sasa, chuo kimoja cha ng'ambo kinachofundisha walimu wa viziwi kimeziona video zile. Kinamtaka wifi akafundishe kwao miaka miwili. Siku ninayoisimulia, alasiri, walitaka kuzungumza naye kwa video, huku tovuti ikiwa wazi mbele yao.

Wiki iliyopita niliishia pale taa ya chumba changu ilipoanza kuwaka na kuzimika, kuwaka na kuzimika.

Wifi hagongi mlango. Kwake yeye mlango hauna sauti. Akitaka kukuita anachezea swichi ya taa, na ukichelewa anapiga sakafu kwa mguu mpaka kitanda kinatikisika. Asubuhi ile alifanya vyote viwili.

Nilipofumbua macho alikuwa amesimama na simu yake mkononi, kioo kikiwa cheupe pe.

Yale anayosema kwa mikono nitayaandika kama maneno, kwa sababu kwangu mimi ni maneno.

"Tovuti haifunguki," alisema.

"Labda mtandao wa humu ndani."

"Nimetoka mpaka kwa jirani. Haifunguki na kwao. Amka."

Nikafungua kompyuta palepale kitandani. Nikabisha hodi kwa seva. Kimya. Nikabisha tena kwa njia nyingine. Kimya kilekile, kama nyumba ambayo watu wamehama.

"Imekufa?" wifi aliuliza.

"Imelala. Tuingie kwenye paneli tuone."

Paneli ni ukurasa wa kampuni iliyotukodishia seva. Hata seva ikigoma kuongea na mtu, kule kwenye paneli unaweza kuiwasha na kuizima, kama fundi anayezunguka nyuma ya nyumba kwenye mita. Akaunti ya paneli aliifungua wifi, kwa jina lake. Akanitajia neno la siri kwa vidole, herufi baada ya herufi, kisha akanigeuzia mgongo kana kwamba siye aliyelitaja.

Likakubali. Nikashusha pumzi.

Ukurasa ukabadilika. *Tutakupigia simu na kukusomea namba sita. Ziandike hapa.*

Tukatazamana.

Wifi alipofungua akaunti ile, ujumbe wa kampuni haukuwa ukifika kwenye laini zetu, na njia pekee iliyobaki ilikuwa kupigiwa. Mtu asiyesikia atapigiwaje? Akaandika namba ya mume wake. Kaka ndiye aliyekuwa akisikiliza namba na kumwonyesha kwa vidole. Kwenye nyumba ile kaka ndiye masikio ya kila kitu.

"Mpigie," wifi alisema.

Nikampigia. Ikaita mpaka ikakata. Nikarudia.

"Haloo." Sauti ya kaka ilikuwa ya chini.

"Kaka, uko wapi?"

"Kazini. Niko juu ya paa la watu, nafunga mtambo wa baridi. Sema haraka."

"Utapigiwa simu sasa hivi, mashine itakusomea namba sita. Nisomee na mimi."

"Za nini?"

"Seva ya mkeo imelala. Nataka kuiamsha."

"Haya."

Nikabonyeza. Tukasubiri. Akanipigia yeye mwenyewe, akanisomea namba. Nikaziandika. Paneli ikazikataa.

"Kaka, umesikia vizuri?"

"Huku kuna upepo."

Tukarudia. Akasoma nyingine. Nikaziandika nikizitamka kwa sauti ili anisahihishe. Hakusahihisha. Paneli ikakataa tena, na chini yake ikaandika kwa rangi nyekundu kwamba nikikosea mara nyingine akaunti itafungwa mpaka kesho.

Kesho! Wakati mazungumzo ni leo.

Wifi alisoma maandishi yale begani kwangu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kulikunjua na kulikunja gauni alilokuwa amelipiga pasi jana.

"Nitamfuata hukohuko aliko," nikamwambia. "Nitaisikiliza mwenyewe. Wewe oga, jiandae."

"Utalijuaje paa lenyewe?"

"Nitaanzia karakana. Msaidizi wake atanielekeza."

Karakana ya kaka si mbali na nyumbani. Nilitembea nimekumbatia kompyuta kama mtoto mgonjwa. Miguu ilikuwa mizito. Nimefika umri ambao habari mbaya hazinishtui tena, zinanichosha tu.

Mlango wa karakana ulikuwa umerudishwa. Nikausukuma.

Hakukuwa na paa la watu wala upepo. Kaka alikuwa ameketi juu ya friji iliyolazwa, viatu vyake safi, simu iko mapajani. Peke yake.

"Umeshashuka?" nikamuuliza.

Akajaribu kucheka.

"Kichwa kilikuwa kinaniuma. Nikarudi."

Sikuwa na nguvu za kubishana. Nikaweka kompyuta juu ya friji nyingine, nikaunganisha mtandao wa simu yangu, nikamnyooshea mkono.

"Nipe simu yako."

"Nitakusomea."

"Kaka. Nipe simu."

Akanipa. Nikabonyeza kwenye paneli, simu ikaita kiganjani mwangu. Sauti ya mashine, ya kike, isiyo na haraka, ikanisomea namba sita. Hakukuwa na mkwaruzo wala upepo. Kiziwi tu ndiye angeweza kuzikosa, na aliyezisikia mara mbili kabla yangu hakuwa kiziwi.

Paneli ikafunguka.

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mstari mmoja juu kabisa. *Seva imezimwa kwa lazima na mwenye akaunti, jana jioni. Imethibitishwa kwa simu.*

Nikausoma mara ya pili. Halafu nikausoma kwa sauti.

Kaka alikuwa anaangalia sakafu.

"Imethibitishwa kwa simu," nikarudia. "Simu gani, kaka?"

"Unaijua."

"Nataka uniambie wewe."

"Hiyo uliyoishika."

Nikakaa. Palikuwa na ndoo iliyofunikwa, nikaikalia. Nje kuna mtu alikuwa akigonga bati, akigonga, akipumzika, akigonga.

"Nilizima tu," kaka akasema hatimaye. "Kama unavyozima taa ukitoka chumbani. Kompyuta yake ilikuwa wazi, yeye yuko bafuni. Nimewaona mkifanya mara ngapi? Kitufe kimeandikwa *Zima*. Nikabonyeza, haikuzimika upesi, nikabonyeza kile cha pili kilichoandikwa *kwa lazima*. Nilisema kesho mazungumzo yakishapita nitawasha. Hakuna atakayeumia."

"Na namba ulizonisomea?"

"Nilizitunga."

"Unanitungia namba mimi, kaka? Mimi?"

"Ningekusomea za kweli ungeiwasha."

Laiti angefoka ningejua pa kushika. Alisema taratibu, kama mtu anayekueleza kwa nini friji yako haiponi.

"Kwa nini lakini?"

"Miaka miwili, mdogo wangu."

"Si anakwenda kazini? Hakukimbii."

"Tangu nimwoe mimi ndiye nasikia kwa niaba yake. Mlango ukigongwa, mimi. Mvua ikianza na nguo ziko nje, mimi. Maji yakichemka jikoni, mimi. Mpaka usingizini nasikia kwa watu wawili. Akienda huko, watu wenyewe wote wanajua lugha yake, hatahitaji masikio ya mtu." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Mimi nitabaki nasikia nini?"

"Ungemwambia hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

"Ningemwambia, angebaki."

"Si ndicho unachotaka?"

"Angebaki na angenisamehe. Na mimi ningemwona kila siku akiwa amenisamehe. Hapana. Nilitaka ionekane ni mambo ya mitambo."

Nilimwelewa. Hilo ndilo lililonikera zaidi. Mtu akikukosea kijinga unapata nafuu ya kumtukana. Huyu alikuwa amenikosea na bado namhurumia.

"Tutaongea baadaye," nikasema. "Sasa naiwasha."

Nikabonyeza *Washa*. Paneli ina kidirisha kinachoitwa konsoli, ambacho ukikifungua unaiona seva inavyoamka, mistari myeupe kwenye weusi, kama umeiwekea kamera chumbani. Mistari ikaanza kupanda. Kaka akasogea kuangalia.

"Unaona?" alisema. "Inawaka. Nilikwambia nilizima tu."

Mistari ikasimama.

*Diski ina hitilafu. Andika neno la siri la ruti ili uendelee na matengenezo.*

"Nini hiyo?"

"Hiyo ndiyo kazi ya kitufe chako cha pili," nikamwambia. "Seva ilikuwa inaandika vitu kwenye diski, ghala lake la kumbukumbu, ukaikata pumzi katikati. Sasa imeamka imechanganyikiwa. Inamtaka ruti."

"Ruti ndiyo nani?"

"Ruti ndiye mwenye nyumba. Kwenye seva watu wote ni wapangaji, isipokuwa yeye. Anaingia chumba chochote, anavunja ukuta, anajenga. Bila yeye hatugusi kitu."

"Si wewe?"

"Mimi."

"Basi andika hilo neno."

"Silijui, kaka."

Akanitazama kama aliyesikia daktari anasema hajui moyo uko upande gani.

Ilibidi nimweleze. Siku zote nimeingia kwa ufunguo uliohifadhiwa ndani ya kompyuta, sikuwa na haja ya kuandika neno la siri. Lakini ufunguo ule unafanya kazi seva ikiwa imeamka sawasawa. Neno lenyewe nililiweka mwanzoni kabisa, kwenye kompyuta ya kazini. Kampuni ilipofungwa walizikusanya kompyuta zote. Paneli ina kitufe cha kumbadilishia ruti neno la siri, nacho pia kinaitaka seva iliyoamka. Yetu ilikuwa imekwama katikati, haijaamka na haijalala.

"Video?" kaka akauliza. Sauti ilikuwa imebadilika.

"Ziko kwenye diski hiyohiyo."

"Zimeharibika?"

"Sijui."

"Sema hazijaharibika."

"Kaka, nimesema sijui!"

Ndipo nilipomwona kaka yangu, mtu mzima, fundi anayebeba friji mgongoni, akikaa chini kwenye sakafu ya mafuta na suruali yake safi. Video nyingi za mwanzo alizishikia kamera yeye. Alikuwa akirudi kazini amechoka, anamshikia mkewe kamera mpaka mikono inatetemeka, kwa sababu hatukuwa na stendi ya kamera.

"Nilitaka ilale siku moja tu," alisema. "Siku moja."

"Simama. Nitakuhitaji."

Mwenye nyumba akipoteza ufunguo kuna njia ya dirishani. Paneli ina hali inayoitwa ya uokoaji. Ukiichagua, seva inaamshwa kwa mfumo mwingine mdogo wa kuazima, ambao unakuja na ruti wake na neno lake la siri la muda. Unaingia kwa huyo mgeni, unaikuta diski yako imelala kama mgonjwa mezani, unaitibu, unambadilishia ruti wako neno la siri, kisha unaiamsha kwa mfumo wake.

Nikachagua uokoaji. Paneli ikanipa neno la siri la muda, refu, limejaa alama za ajabu, na kunionya kwamba litaonyeshwa mara moja tu. Nikalipiga picha kwa simu.

Konsoli ikauliza jina. Nikaandika *root*, ndiye ruti huyo kwa Kiingereza. Ikauliza neno la siri. Nikaliandika. Ikakataa.

Nikaliandika polepole. Ikakataa.

"Na hiyo nayo imetungwa?" kaka aliuliza. Nilimtazama tu.

Nikajishika kichwa, nikafikiri. Halafu, pale panapoulizwa jina, ambapo herufi zinaonekana, nikaandika herufi za lile neno la siri nione zinatokaje. Nilibonyeza y ikatoka z. Nilibonyeza alama ya @ ikatoka alama ya nukuu. Konsoli ilikuwa inaamini natumia kibodi ya nchi yao, ambayo vitufe vimepangwa tofauti.

"Kaka, chukua simu. Nisomee herufi moja moja. Na safari hii usitunge."

Akanisomea. Alisoma kwa makini, kama anayesoma cheti cha dawa za mgonjwa wake. "Kei kubwa. Nne. Zedi ndogo. Alama ya mshangao." Mimi nikatafuta kila moja imehamia kitufe gani.

Tukaingia.

Nikaanza kuitibu diski. Kwenye kazi hii mashine ndiyo inayouliza, wewe unajibu. Hapa pamevunjika, nirekebishe? Ndiyo. Na hapa? Ndiyo. Na hapa? Kaka alikuwa amechuchumaa pembeni yangu, na kila nikibonyeza ndiyo naye anatikisa kichwa.

Mashine ikamaliza. Nikaifungua diski, nikaingia kwenye folda ya video.

Majina yakamwagika: *maji, mama, mbali, mchana, mgongo, mlango, moshi.* Yakaendelea kupanda mpaka kidirisha kikashindwa kuyashika.

"Zote?" kaka aliuliza.

"Naona zote."

Alienda kwenye bomba la nyuma akanawa uso, akakaa huko muda mrefu kuliko uso unavyohitaji.

Aliporudi nilikuwa namwandikia ruti neno jipya la siri. Akageuka kuangalia ukuta bila kuambiwa. Nilibonyeza, nikaiwasha seva upya, na ikaamka tena kwenye uokoaji, kwa sababu mimi fundi mzima nilisahau kuiondoa kwenye hali hiyo. Uchovu unakula akili. Nikaiondoa, nikawasha tena. Mistari ikapanda, ikapanda, haikusimama.

*Jina:*

Nikaandika *root*, nikaandika neno langu jipya. Mlango ukafunguka. Nilikuwa mwenye nyumba tena.

Simu yangu ikatetemeka. Wifi. *IMEFUNGUKA!!! WEWE NI MTU NA NUSU!!!*

Kaka aliusoma ujumbe ule mkononi mwangu.

"Usimwambie," alisema.

"Kaka..."

"Sikuombi unitetee. Nakuomba unyamaze leo tu. Akishaongea nao nitamwambia mimi mwenyewe, kwa mikono yangu."

Nilifunga kompyuta. Alirudishia mlango wa karakana, tukatembea pamoja mpaka nyumbani.

Wifi alitupokea mlangoni na lile gauni. Alimkumbatia mumewe kwanza. Alidhani ndiye aliyetuokoa, kwa zile namba sita.

"Ilikuwa nini?" akaniuliza.

Kaka alikuwa amesimama nyuma yake.

"Mtambo," mikono yangu ikasema. "Uliamka vibaya. Nimerekebisha."

Akanipiga busu la shavu.

Muda ukafika. Tukaweka kompyuta kwenye meza ya chakula. Wifi akakaa mbele, mimi ubavuni kwake, maana katika mambo kama haya mimi ndiye sauti yake: anaongea kwa mikono, mimi naongea kwa kinywa, na wenzake wakisema namgeuzia kwa mikono. Kaka alikaa ng'ambo ya meza, nyuma ya kompyuta, mahali ambapo kamera haimwoni lakini sisi tunamwona.

Kwenye kioo walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama wa miwani. Msaidizi anayeandika. Na bwana mmoja pembeni, mnene, mpole, aliyetikisa kichwa kutusalimu kisha hakusema kitu tena.

Wifi aliongea vizuri siku ile. Nimekuwa sauti yake mara nyingi, sijawahi kuona mikono yake ikiwa imetulia namna ile. Walifungua video moja baada ya nyingine, wakauliza, akajibu. Mwenyekiti alicheka mara mbili. Nikaanza kuamini siku yangu inakwisha.

Mwenyekiti akavua miwani.

"Jambo la mwisho. Asubuhi tulijaribu kufungua tovuti yenu, haikufunguka kabisa. Nadhani hili ni la fundi."

"Ni mimi," nikasema.

"Wanafunzi wetu watategemea video hizi kila siku. Niwe wazi. Kama mtambo wenu unaanguka wenyewe bila sababu, hatuwezi kuendelea. Lakini kama kuna mtu aliyefanya kosa na limeshadhibitiwa, hilo tunaelewa. Lilikuwa kosa la mtambo au la mtu?"

Nikamgeuzia wifi swali lile kwa mikono, maana ni haki yake. Akatabasamu, akanipa ishara kwamba nijibu.

Niwaambie ukweli wasomaji wangu, nilifikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri mbele ya seva yoyote.

Nikisema mtambo, safari ya wifi imekufa, na nimeiua mimi. Nikisema mtu, wifi atauliza nani, na yeye ana akili: mtu gani aliye na simu ile? Kaka alikuwa ananitazama kutoka ng'ambo ya meza na macho ya mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

Ndipo likanijia. Wale wananisikia, hawajui mikono. Wifi anaona mikono, hanisikii. Nimekuwa sauti yake miaka yote bila kumwibia neno hata moja. Siku ile niliiba.

"Lilikuwa kosa la mtu," kinywa changu kikasema. "Mtu wa karibu aliizima bila kujua madhara yake. Nimeshabadilisha funguo. Halitatokea tena."

Na wakati uleule mikono yangu ikasema: "Ulikuwa mtambo. Uliamka vibaya. Nimeshaurekebisha."

Kaka, aliyekuwa akivisikia na kuviona vyote viwili, aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza.

"Asante kwa kuwa mkweli," mwenyekiti alisema. Akavaa miwani. Wifi alitabasamu. Msaidizi akaandika. Nikasema moyoni, imepita.

Kisha yule bwana wa pembeni akainua mikono.

Si alama za nchi yao. Alama zetu. Alama za wifi hasa, hata kule kuinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto anapoanza sentensi, alikuwa amekujifunza.

"Mwalimu," alimwambia wifi kwa mikono, "nimekusoma kwenye video zako mwaka mzima. Nilitaka kukushtukiza mwishoni."

Wifi alifunika mdomo kwa furaha. Machozi yakamtoka.

Yule bwana akahamisha macho, akanitazama mimi. Uso wake haukuwa na ubaya wowote. Ulikuwa wa mwanafunzi anayeogopa kuwa amekosea.

"Samahani, fundi," mikono yake ilisema, taratibu, kila neno likiwa wazi mbele ya wifi. "Sikio langu moja linasikia. Nimesikia umesema mtu. Nimeona umesema mtambo. Ni mimi sijaelewa, au umesema mawili?"

Wifi hakugeuka kunitazama mimi. Aliinua macho juu ya kompyuta, polepole, akamtazama mume wake.